Kabla Filimbi Haijalia, Tazama Macho ya Wachezaji Wako

Hii ni hotuba niliyotoa kwa walimu wa michezo na makocha wa timu za watoto. Waliokuwepo waliomba maandishi, kwahiyo nimeiandika karibu na vile nilivyoongea, na maswali ya mwisho nimeyaacha humo humo.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, makocha, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Mimi ni muuguzi wa macho, kazi yangu yote nimeifanya kwenye kliniki ya macho, na nilipoambiwa kuna semina ya watu wa michezo nikasema hawa ndio watu niliokuwa nawatafuta, maana mtoto akiumia jicho uwanjani anatufikia sisi amechelewa, na aliyekuwa naye zile dakika za kwanza sio mimi wala daktari, ni wewe kocha na filimbi yako shingoni.

Mtoto akiletwa ukiuliza imekuwaje, jibu ni lile lile, sista ni bahati mbaya, mpira ulimpiga. Sasa mimi hilo jibu silikubali lote. Mpira kumpiga mtu usoni sawa, hilo linatokea. Ila mtoto kucheza kwenye uwanja ambao bendera ya kona ni kijiti kimechongwa kama mkuki, hiyo sio bahati. Mtoto kuvuliwa miwani akaambiwa kacheze hivyo hivyo, sio bahati. Mtoto kuwekewa tumbaku kwenye jicho lililopasuka alafu akaletwa siku ya nne, hiyo nayo sio bahati. Hayo yote kuna mtu mzima aliyeyaamua, au aliyeyaona akayaacha, na ndio maana nimekuja kwenu.

Nianze na soka maana ndio mchezo wetu. Watu wengi wanaamini mpira wa miguu hauwezi kuumiza jicho kwasababu ni mkubwa, eti mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu vinauzuia. Ukiangalia kwa haraka ni kweli, mpira namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 mpaka 70 na uzito wa gramu 410 mpaka 450, ukiuweka mbele ya uso wa mtu hauingii kwenye tundu la jicho. Lakini mpira uliopigwa shuti haubaki duara. Ukigonga uso unabonyea, na sehemu yake inavimba kuingia ndani ya lile tundu, inaligandamiza jicho, alafu wakati unarudi nyuma unalivuta, kama ule mpira wa kuzibulia sinki. Jicho linapata vitu viwili kwa mpigo, kusukumwa na kuvutwa. Hili lilipimwa maabara na daktari Paul Vinger wa Marekani pamoja na mwenzake Capão Filipe wa Ureno, wakachapisha mwaka 2004, na mipira midogo ya watoto nayo ikaonekana inaingia vilevile, kwahiyo ukisema mimi watoto wangu nawapa namba 3, kwenye jicho haijasaidia kitu.

Ndani ya jicho sasa kinachotokea ni kwamba kile kioo cha mbele kinaweza kuchubuka, ile sehemu yenye rangi inachanika na damu inamwagika mbele ya mboni, lenzi inaweza kuhama au ikaanza kufanya ukungu na baadae unaambiwa mtoto ana mtoto wa jicho, kijana wa miaka kumi na nne ana ugonjwa wa wazee. Na nyuma kabisa kuna retina, ngozi nyembamba inayopokea picha, hiyo inaweza kuchanika na ikabanduka taratibu bila maumivu yoyote. Hapo kwenye bila maumivu naomba mpasikie vizuri walimu wangu. Mtoto anatoka uwanjani anatembea, anacheka na wenzake, kope imevimba kidogo, unamuuliza unaona? anajibu naona, maana jicho lingine linaona! Ukimziba lile zima ndio unagundua hili halioni kitu.

Alafu kuna inayokuja baada ya miaka. Jicho lina njia ndogo ya kutolea maji yake, iko pembeni pale kwenye kona kati ya kioo na ile rangi. Pigo kali linaichana ile kona, jicho linapona, mtu anasahau kabisa, na miaka mingi baadae presha ya macho inapanda kimyakimya mpaka anabaki anaona kama yuko ndani ya bomba. Ndio maana sisi mtu akishavuja damu ndani ya jicho tunamwambia kila mwaka uje upimwe presha ya macho, maisha yako yote, na wengi hawaji kwasababu wanaona vizuri. Kama una mchezaji wa namna hiyo kwenye timu wewe unaweza kumkumbusha kuliko mimi, wewe unamuona kila jioni.

Sasa nije kwenye miwani, na hapa naomba mnivumilie maana linaniuma. Kuna mtoto anavaa miwani. Mechi inataka kuanza, refa anamwita, vua hiyo miwani. Au refa hajasema lolote, ni kocha mwenyewe anasema utawaumiza wenzako, vua. Mtoto anavua, anacheza haoni vizuri, mpira anauona umeshafika usoni, yaani yule ambaye macho yake ni dhaifu kuliko wote ndio tumemuweka kwenye hatari kubwa kuliko wote. Au anaambiwa kaa benchi. Na wazazi wengine wakiona hivyo wanamficha mtoto miwani kabisa au wanasema ataacha tu, darasani haoni ubao, tunampoteza kwenye mpira na kwenye shule.

Sheria ya mchezo inasema nini? Sheria namba 4 ya soka, ile ya vifaa vya wachezaji, inaruhusu vifaa vya kujikinga visivyo na hatari, na imetaja kwa jina miwani ya michezo. Imo humo, pamoja na kofia ya kichwa na barakoa ya uso. Kinachokatazwa ni kitu cha hatari, na miwani ya kawaida ya vioo na fremu ya chuma kweli ni hatari, kwa mwenyewe kwanza. Kwahiyo jibu la refa mwenye haki ni kukagua, akiona ni ya michezo, laini pembeni, imefungwa na mkanda nyuma ya kichwa, anamruhusu mtoto acheze. Nawaomba makocha muijue hiyo sheria kwa kichwa na muiseme kwa heshima kabla ya mechi, kwenye kile kikao cha asubuhi, sio wakati timu zimeshapanga mstari.

Wenye umri wangu mnamkumbuka Edgar Davids, yule Mholanzi wa Juventus mwenye rasta na miwani. Vijana wengi walidhani ni staili. Davids alikuwa na presha ya macho, akafanyiwa upasuaji mwaka 1999, na akaruhusiwa kurudi kucheza na ile miwani, akaenda nayo Euro 2000, akaenda nayo Barcelona, Inter, Tottenham, na alikuwa kiungo wa kukaba, kazi yake ilikuwa kugombana na watu katikati ya uwanja. Kwahiyo anayesema mtu wa miwani hawezi kucheza mpira wa nguvu mwambieni habari za Davids. Na kwenye basketi kuna Kareem Abdul-Jabbar, huyo alikwaruzwa kioo cha jicho mwaka 1968 akiwa chuo cha UCLA, akaja kukwaruzwa tena 1974 akiwa analipwa tayari, ndio akaanza kuvaa miwani ya kujikinga, na aliendelea kucheza mpaka 1989 akiwa ndio mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote kwenye ligi yao. Miwani haikumzuia kufunga.

Ila sio kila miwani inakinga. Miwani ya jua hapana, ikipasuka ndio inakuwa visu. Miwani ya kusomea hata ya plastiki ya kawaida, hapana. Lenzi zile za kuvaa ndani ya jicho hazikingi kabisa, watu wanachanganya hapo, zinasaidia kuona tu. Na zile fremu tupu zisizo na kioo ambazo wengine wanavaa kwenye skwoshi, hapana tena, mpira unajibana unapita. Inayotakiwa ni ya polikaboneti, plastiki ngumu sana ambayo ikipigwa inabonyea haivunjiki, ndio ileile waliyotumia kwenye helmeti za wanaanga waliokwenda mwezini. Ubaya wake inakwaruzika haraka, kwahiyo isifutwe na jezi yenye vumbi, isuuzwe na maji kwanza. Fundi wa miwani anaweza kuagiza ikiwa na namba ya macho ya mtoto. Bei yake sio ndogo, najua, nitarudi hapo.

Tutoke kwenye miwani tuangalie uwanja wenyewe, maana huko hela hazihitajiki nyingi. Bendera ya kona. Kitabu cha sheria kinasema mti wa bendera usipungue mita 1.5 na ncha yake isiwe imechongoka, na sababu unaweza kuiona mwenyewe, mti mrefu mtoto akianguka anaugonga kwa bega au anaupita pembeni, kijiti kifupi cha kufika magotini kinamsubiri usoni. Viwanja vyetu vingi vya shule vina vijiti vya namna hiyo, tena mwanafunzi katumwa akakate, kakata na panga kwa mshazari, ncha kali. Kiondoe. Bora kona isiwe na bendera kabisa, weka hata tairi. Kwenye magoli angalia waya za kufungia nyavu na misumari iliyotokeza, golikipa anajirusha pale kila siku. Na kama uwanja umepakana na shamba la mahindi muwaambie watoto wakifuata mpira humo wapite taratibu na mkono mbele ya uso, maana jani la mahindi likikata kioo cha jicho linaweza kuacha fangasi ndani, na kidonda cha fangasi kwenye jicho ni kazi ngumu sana kukiponya, dawa zake ni za kutafuta na zinatumika muda mrefu.

Na chokaa! Hapa naomba kila mtu aandike. Mistari ya viwanja vyetu tunachora na chokaa, ile ile ya kupaka nyumba, na wakati mwingine mwanafunzi ndio anaimwaga kwa mkono, upepo unavuma. Chokaa ile ni alikali, ikiingia kwenye jicho lenye maji inaunguza, na kuunguza kwake ni kwa kuzama, haikai juu, inaendelea kuingia ndani wakati wewe unatafuta gari. Jicho lililoungua na chokaa linaweza kugeuka jeupe kama yai. Golikipa anajirusha kwenye mstari, beki anateleza uso chini, vumbi la mstari linarushwa na kiatu, yote hayo ni njia ya kuingia. Tumieni rangi ya maji nyeupe, ile ya ukutani, ichanganywe na maji, inakaa siku nyingi na haiunguzi hivyo. Kama lazima iwe chokaa basi aichore mtu mzima aliyevaa miwani ya kazi, iloweshwe na maji, watoto wawe mbali, na siku hiyo hiyo wasicheze hapo. Majivu nayo yana ukali wa namna hiyo, sio mbadala.

Na ikiingia? Osha. Hapo hapo uwanjani, maji yoyote safi, hata ya kunywa ya timu, mwagia jicho likiwa wazi, fungua kope na vidole vyako, kunja ya juu utoe punje zilizojificha, nusu saa nzima usihesabu kwa kukisia angalia saa, alafu ndio twende hospitali na njiani bado unaosha. Usianze na gari. Dakika za kwanza za maji ndio zinaamua kama huyu mtoto ataona, kuliko dawa yoyote nitakayompa mimi kliniki.

Kingine hakina gharama kabisa, kucha. Kwenye mpira wa pete mwamuzi anakagua kucha za wachezaji kabla mechi haijaanza, akina dada hapa mnajua, ukiwa na kucha ndefu unatolewa ukakate. Sijui kwanini tumewaachia wao peke yao. Basketi vidole vinapita usoni kwa watu kila dakika, soka kwenye kona watu wanashikana mpaka usoni. Mnamkumbuka Firmino wa Liverpool, Septemba 2018 pale Wembley, kidole cha Vertonghen wa Tottenham kilimwingia jichoni, akatolewa, akapelekwa hospitali. Siku tatu baadae kwenye Champions League na PSG akaingia kipindi cha pili, dakika za mwisho akafunga goli la ushindi, tatu kwa mbili, akashangilia kaziba jicho moja na mkono. Watoto wetu wote waliliona lile goli, wakawa wanashangilia vile mtaani. Ila hawakuona katikati hapo alipimwa na madaktari wa macho, kioo kimechubuka tu, ndani kuko salama, ndio akaruhusiwa. Mtoto wako akichomwa kidole usimwambie mbona Firmino alicheza. Firmino alipimwa.

Michezo mingine nipite haraka kidogo kutokana na muda. Hoki, mpira wa magongo, pale kwenye kona fupi mabeki wanavaa barakoa za uso, hilo ni jambo la kawaida kabisa duniani, timu za shule nazo zivae. Ile hoki ya barafu huko Canada, miaka ya 1970 daktari mmoja wa macho anaitwa Tom Pashby alichoka kupokea watoto waliopofuka, akaanza kuhesabu nchi nzima, akapeleka hesabu zake kwa wenye mchezo mpaka helmeti na kinga ya uso zikawa lazima kwa watoto, na upofu ule ukashuka karibu kuisha. Mtu mmoja na daftari. Kriketi, mdaka mpira wa Afrika Kusini Mark Boucher, yule anayesimama nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, Julai 2012 mjini Taunton Uingereza, mpira ulivunja wiketi na kile kijiti kidogo cha juu kikaruka kikamchoma jicho la kushoto, hana helmeti wala miwani, na pale pale safari yake ya timu ya taifa ikaisha, alikuwa amebakiza mtu mmoja tu kufikisha watu 1000 aliowatoa kwenye mechi za kimataifa. Wale wa vinyoya, mpira wa vinyoya yaani badminton naona mnadharau kwasababu ni kitu chepesi, gramu tano, lakini ile kizibo yake ina upana wa milimita 25 mpaka 28 na jicho linaimeza yote, na kwa mastaa imepimwa ikipita kilomita 400 kwa saa. Ukicheza wawili wawili usigeuke nyuma kumwangalia mwenzako anapiga, wengi wanaumia hapo. Skwoshi nayo mpira wake ni saizi ya tundu la jicho haswa, watoto na vijana kwenye mashindano yao wanatakiwa kuvaa miwani, hamna mjadala.

Nirudi sasa kwenye zile dakika za kwanza, maana hata tukifanya yote haya bado kuna siku mtoto ataumia.

Mtoto kapigwa jichoni, mchezo usimame kwake. Asifikiche, asikandamize, wala wewe usimfikiche. Ziba jicho zima na kiganja chako mwenyewe bila kuligusa, muulize hivi ni vidole vingapi, alafu ziba lililoumia uulize tena ulinganishe. Muangalie mboni zote mbili, ziko duara? zinalingana? kuna wekundu umelala chini mbele ya ile rangi kama maji yaliyotuama? Muulize anaona vimulimuli, nzi weusi, pazia linashuka pembeni? Anaona vitu viwili viwili akiangalia juu? Kimoja tu kikiwepo, hospitali yenye mtu wa macho leo leo sio kesho asubuhi. Na mtoto aliyepigwa akaanza kutapika na jicho haliendi juu, hata kama jicho lenyewe ni jeupe zuri halina damu, huyo ni wa kukimbizwa, kwa watoto mfupa wa chini ya jicho unaweza kufunguka ukaubana msuli na kujifunga tena, na msuli uliobanwa unakufa. Mwenye uvimbe wa namna hiyo asipenge kamasi.

Kama kuna kitu kimechoma kimebaki jichoni, kijiti, waya, usikitoe. Usioshe jicho lililochanika, maji ni kwa chokaa na vumbi na kemikali. Chukua kikombe cha karatasi au kata kitako cha chupa ya maji, funika nacho, ukingo ukae kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu, bandika na plasta, kisiguse jicho. Pamba na bandeji ya kubana hapana kabisa. Asile wala asinywe maana anaweza kuingia chumba cha upasuaji. Na kwenye mabegi yenu ya huduma ya kwanza najua kuna diklofenaki na aspirini, mnawapa watu wa enka, kwa jicho msiwape, zinaweza kuongeza damu, parasetamo inatosha. Aliyevuja damu ndani ya jicho anapumzika kweli, kichwa kimeinuliwa na mito, maana siku tano za mwanzo ile damu inaweza kurudi na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Wewe kocha ukimpigia simu siku ya tatu kwamba kuna nusu fainali, umemharibia.

Hospitali ya wilaya nyingi wapo wataalamu wa macho ngazi ya kwanza, waoneni hao, na wao ndio watajua kama ni wa kupelekwa KCMC Moshi, CCBRT au Muhimbili. Wenzetu wa Kenya wana hospitali ya Kikuyu. Andika namba ya simu ya kliniki ya macho iliyo karibu kwenye kifuniko cha lile begi la huduma ya kwanza kwa kalamu isiyofutika, kwasababu siku ya tukio hamna anayekumbuka.

Jambo la mwisho kabla ya maswali, wapimeni. Msimu ukianza mnapima urefu, mnapima kasi, pimeni na macho. Chati inapatikana hata kwa kuomba kliniki, mita sita, jicho moja moja. Utashangaa watoto wangapi wana jicho moja bovu na hawajui, wala mama hajui, maana linalofanya kazi linafunika. Huyo mwenye jicho moja zima ndio wa kwanza kuvaa miwani ya kinga kwenye timu yako.

Hapo nikapewa maswali.

Kocha mmoja wa timu ya mtaani akauliza, sista sisi hata mipira tunachangishana, hiyo miwani tutoe wapi? Nikamwambia kaka yangu sikwambii ununue kumi na nane. Anza na wale niliowataja, mwenye jicho moja, na wenye miwani tayari, pengine kwenye timu yako ni watoto wawili. Mzazi anaponunua miwani mpya fundi aulizwe kuhusu polikaboneti mapema kabla hela haijatoka. Mdhamini akija na jezi muombeni na miwani miwili. Ila kucha, kijiti cha kona, waya wa goli na rangi badala ya chokaa, hivyo wiki hii hii vinawezekana.

Mama mmoja akasema, sisi tunaweka maziwa ya mama, na yanatuliza. Nikamjibu mama yangu shikamoo, najua yanatuliza na najua unaweka kwa upendo, lakini maziwa ni chakula, na wadudu wanakipenda, jicho lililochubuka ni mlango uko wazi. Vilevile mate, tumbaku, sukari, maji ya majani, na zile dawa za matone za dukani ambazo jirani alipewa kwa ajili ya mzio wake, nyingine zina steroidi ndani, dawa inayopunguza kinga ya jicho, kidonda cha jicho kinakula vizuri zaidi kwasababu ya hiyo dawa. Ukitaka kumtuliza mpe parasetamo, funika bila kubana, mlete. Akaniuliza hata usiku? Hata usiku mama.

Mwalimu wa sekondari akamalizia. Ana kijana jicho la kulia lilipofuka utotoni kwa manati, anapenda mpira kufa, baba yake hataki acheze, ana kipaji, tumfanye nini? Nikasema acheze. Soka, basketi, riadha, wavu, acheze, ila miwani ya kinga kila mara, mazoezini pia maana mazoezini ndio muda mwingi, na baba yake aitwe aonyeshwe hiyo miwani kwa mkono wake aipige aone haivunjiki. Ngumi na mateke hapana, hata kama anaomba, huko hakuna miwani, na hata mabingwa wameumia, bondia Sugar Ray Leonard retina ilibanduka mwaka 1982, Michael Bisping wa ngumi na mateke alipoteza jicho la kulia baada ya pambano la 2013. Mpange upande ambao jicho zima linauona uwanja, kama la kulia halioni mchezeshe winga ya kulia ili mchezo wote uwe kushoto kwake, na wenzake wafundishwe kumwita kwa jina wakija upande asioona. Na wewe mwalimu kabla ya kila mechi nenda na huyo kijana kwa refa, mwonyeshe miwani, mtajie Sheria namba 4.